Mita Moja na Nusu: Kujenga kwenye Kiwanja Kidogo Mjini



Mmeniita nieleze taratibu za halmashauri kwa mwenye kiwanja kidogo. Nimechora ramani za nyumba Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, na wengi walionijia hawakuwa na eka. Walikuwa na mita 15 kwa 20, wengine 10 kwa 15, na kiasi cha fedha kinachotosha msingi na kozi chache. Kwa hiyo nitakayoyasema nimeyaokota mezani na saiti. Lakini kabla ya sheria, naomba niwape habari ya msiba.

Miaka kadhaa iliyopita tulimzika jirani yetu mmoja kwenye mtaa niliokulia, Temeke. Nyumba ya marehemu ilikuwa ya tatu kutoka barabarani, na njia ya kuifikia ni uchochoro. Nilipokuwa mtoto tulicheza mpira kwenye uchochoro ule. Baadaye huyu akaongeza choo, yule akaongeza chumba cha kupangisha, wa tatu akasogeza ukuta wake nusu mita baada ya kuona wenzake wamesogeza. Siku ya mazishi wabebaji hawakuweza kupita bega kwa bega. Jeneza lilibidi liinuliwe juu ya vichwa, wawili mbele, wawili nyuma, na mahali pa kona mtu akapanda juu ya mfuniko wa karo ili alipokee. Palikuwa na ukimya mzito. Wote waliokuwa wamekula kipande cha njia ile walikuwa palepale, wamelishika jeneza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya alipojenga. Kila mmoja alichukua kidogo.

Nawaambia haya kwa sababu ile kanuni ya kuacha nafasi pembeni mwa nyumba wengi wetu tunaiona kama ardhi tuliyonyang'anywa. Umenunua kiwanja kwa jasho, umelipia kila hatua, halafu anakuja mtu wa halmashauri anakwambia hapa usijenge na hapa usijenge. Inauma. Kazi yangu jioni hii ni kuwaonesha kwamba ile nafasi tupu inafanya kazi nyingi kuliko chumba chochote cha nyumba yako, na kwamba kiwanja kidogo kikianza kuchorwa kwenye nafasi tupu, kibali hupatikana na nyumba hukalika. Na kwa kuwa sikuja kuisemea halmashauri, nitasema pia wapi kanuni zenyewe zinamwonea mwenye kiwanja kidogo.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Inayosimamia mambo haya Tanzania Bara ni Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956. Kwa sheria hii, mtu haendelezi ardhi ya mjini bila idhini ya mamlaka ya mipango, na mamlaka hiyo kwako wewe ni halmashauri yako. Umiliki wenyewe unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku. Hati miliki inakupa haki ya kuitumia ardhi kwa miaka iliyoandikwa, na ndani yake kuna masharti: matumizi gani, ndani ya muda gani. Kibali cha ujenzi ni jambo lingine, kinasema jengo hili, la umbo hili, mahali hapa, limekubaliwa. Na ile barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inakutambulisha wewe kwamba ni mkazi na eneo ni lako. Nimewaona watu wameifremu barua ile wakiamini ni kibali. Siku alipofika mkaguzi na rangi nyekundu, barua haikuwasaidia.

Faili lako likifika halmashauri hupita kwenye meza kadhaa. Afisa mipango miji anaangalia kama jengo linalingana na matumizi ya kiwanja na kama umeacha nafasi zinazotakiwa. Watu wa ardhi wanaangalia hati na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Mhandisi anaangalia jengo litasimama vipi. Afisa afya anauliza choo kiko wapi, maji machafu yanakwenda wapi, chumba kina dirisha la kufaa. Kwa ghorofa na majengo ya watu wengi, Zimamoto nao wana maswali yao. Kila meza inauliza swali moja la msingi: ukijenga hivi, nani mwingine ataathirika? Ukilishika swali hilo, utakuwa na majibu kabla hawajakuuliza.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu.

Tuseme masharti ya eneo lako yanataka uache mita 3 mbele, mita 2 nyuma, na mita 1.5 kila upande. Vipimo hivi hutofautiana kulingana na eneo na aina ya kiwanja, na vyako utavipata kwa afisa mipango miji. Hapa navitumia kwa hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Ukitoa nafasi hizo unabaki na 17 kwa 25, yaani 425, karibu asilimia 71 ya kiwanja. Kiwanja cha 15 kwa 20 kina mita za mraba 300; unabaki na 12 kwa 15, yaani 180, asilimia 60. Kiwanja cha 10 kwa 15 kina 150. Unabaki na 7 kwa 10, mita za mraba 70, asilimia 47. Kanuni ni ileile moja kwa wote watatu, ila mwenye kiwanja kikubwa inamgusa kidogo na mwenye kiwanja kidogo inamchukulia zaidi ya nusu. Yule wa tatu ndiye anayeshawishika kujenga usiku, Jumamosi na Jumapili, wakati ofisi zimefungwa. Simtetei, lakini namwelewa.

Tuingie sasa kwenye ile mita moja na nusu yenyewe, tuone inafanya nini. Paa lako likitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, ambazo unazihitaji ili mvua isipige madirisha, zimebaki sentimita 90 hadi mpaka. Hapo ndipo maji ya paa yanadondoka. Bila sentimita hizo 90, maji ya bati lako yanashuka kwenye ukuta wa jirani, na kila masika mtakuwa na kesi. Hapo ndipo fundi atasimamisha ngazi kupaka rangi. Hapo ndipo bomba la choo linapita kuelekea kwenye shimo, na siku likiziba mtu ataingia na kuchimba. Na juu ya yote, hapo ndipo hewa inapopita. Wewe ukiacha mita moja na nusu na jirani akaacha yake, madirisha yenu yanatazamana kwa mita 3. Hewa inapita, mwanga unaingia, na mnaweza kuzungumza usiku bila kila neno kusikika upande wa pili. Mkiacha sifuri wote wawili, nimeshalala kwenye chumba cha namna hiyo: unafungua dirisha unagusa tofali. Taa inawaka saa sita mchana, na umeme unalipia mwezi mzima, mwaka mzima, maisha yote ya nyumba hiyo.

Na mita 3 za mbele? Wengi wa hapa hatuko kwenye bomba kuu la maji taka. Tuna karo na shimo, na shimo hujaa, gari la kunyonya linaitwa. Gari hilo lina mpira wenye urefu wake. Shimo likiwa nyuma ya nyumba, ukuta hadi ukuta, mpira utapita wapi? Sebuleni. Nimeona mpira wa gari la maji taka umepitishwa sebuleni, juu ya zulia lililokunjwa, watoto wametolewa nje, na mwenye nyumba amesimama mlangoni ameshika ndoo ya maji na dawa. Alikuwa mtu safi sana. Nyumba yake nzuri, vigae vya kung'aa, na kila baada ya miezi kadhaa alilazimika kupitia fedheha ile kwa sababu siku ya kuchora ramani hakuna aliyeuliza shimo litakaa wapi.

Sasa niwape kisa kimoja cha kazi, kwa sababu hapo mtaona mambo yote yakikutana.

Alinijia mama mmoja wa Mbagala, mjane, ana kiwanja cha mita 12 kwa 18, kimepimwa. Mkononi alikuwa na ramani aliyouziwa kwenye duka la kutoa kopi, nyumba ya kupendeza yenye vyumba vinne na baraza la kuzunguka. Nikaangalia vipimo. Upana wa nyumba mita 14.

"Mama," nikamwambia, "nyumba hii ni pana kuliko kiwanja chako."

"Fundi kaniambia itaingia tu, mwanangu. Kasema tutapunguza punguza vyumba."

Fundi alikuwa ameshapiga kamba. Nikamwomba mama tusimamishe kwa wiki moja, tukaenda saiti. Jambo la kwanza tulilotafuta ni bikoni. Tatu tulizipata, ya nne haikuonekana, na pale ilipotakiwa kuwa palikuwa na uzio wa jirani, kozi tatu za tofali. Tukamwita mpima mwenye leseni aje na ramani ya upimaji. Ikaonekana uzio umeingia sentimita 40 ndani ya kiwanja cha mama, kwa urefu wote wa mita 18. Mnaweza kusema sentimita 40 ni nini. Zidisheni kwa 18: mita za mraba 7.2. Hicho ni chumba cha watoto wawili. Kwenye eka hutakuja kujua. Kwenye mita 12 ni chumba kizima.

Hapo mama angeweza kugombana, na fundi alimshauri abomoe. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukamwita na jirani, mzee wa heshima zake. Mpima akamwonesha ramani. Mzee akasema uzio aliukuta, aliuziwa kiwanja hivyo hivyo, na kwamba hakuwa akijua. Nilimwamini. Yakaandikwa makubaliano pale pale, na mwezi uliofuata mzee akausogeza uzio wake, mama akachangia mifuko miwili ya saruji. Kama angeanza kujenga kwanza, wangekuwa mahakamani hadi leo.

Kisha tukarudi mezani. Nilichora kiwanja kwenye karatasi kubwa, nikampa mama penseli ya kijani. Nikamwambia tupake kijani mahali pote ambapo hapajengwi. Mbele mita 3, nyuma 2, pembeni 1.5 na 1.5. Ikabaki nyeupe ya mita 9 kwa 13, mita za mraba 117. Akanyamaza, maana ilionekana ndogo. Nikamwambia bado hatujamaliza. Tukaweka karo na shimo kwenye kijani cha mbele, upande wa kushoto, mahali mpira wa gari utafika bila kuingia ndani. Tukachora madirisha ya majirani jinsi yalivyo, ili ya kwetu yasitazamane nayo moja kwa moja. Tukaandika upepo wa kusi unatokea wapi. Halafu nikamwomba kitu kilichomshangaza: atoe kipande kingine cha nyeupe, mita 2 kwa 3, katikati ya nyumba, kiwe wazi juu. Uani mdogo wa ndani. Alikataa. Siku ya pili akarudi akasema ameota joto la nyumba aliyopanga, yenye korido ya giza, na amekubali.

Nyumba iliyotoka ina vyumba vitatu, sebule, jiko na vyoo viwili, na kila chumba kina dirisha linaloona mbingu. Afisa afya hakuwa na la kuuliza.

Niliwahi kumuuliza mama kama ana mpango wa kupandisha ghorofa baadaye, kwa ajili ya watoto. Swali hili kila mwenye kiwanja kidogo anapaswa kulijibu kabla ya msingi, maana ardhi haitaongezeka na njia iliyobaki ni kwenda juu. Ngazi ya ghorofa si kitu cha kupachika. Ukiwa na vidato 18 vya sentimita 17, unapanda mita 3 na ushee, na ngazi ya kugeuka katikati itakula karibu mita za mraba 8 hadi 10 chini na juu. Nguzo na msingi lazima vikokotolewe na mhandisi aliyesajiliwa, na halmashauri itataka michoro ya miundo yenye muhuri wake. Msione ni usumbufu. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, lenye watu na biashara ndani yake, na tukapoteza ndugu wengine. Wengi wetu tulikuwa na mtu tuliyemjua pale, au mtu aliyemjua mtu. Msingi uliopigwa kwa nyumba ya chini haubebi ghorofa kwa sababu mwenye nyumba amepata fedha.

Nije kwenye jambo linalonikera, na hapa lawama naielekeza kwa wanaotunga kanuni.

Masharti ya hati kwa kawaida yanataka uendelezaji ukamilike ndani ya miezi 36. Na kibali cha ujenzi nacho kina ukomo wake. Sasa niambieni, nani humu ndani amejenga kwa miezi 36? Mtumishi, mama lishe, dereva, mwalimu, sote tunajenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi. Mwaka kesho tofali, unazipanga na kuzimwagilia maji. Ada ya shule inaingia katikati, mgonjwa anaingia katikati, boma linakaa pagala miaka minne, mibono inaota sebuleni. Hivi ndivyo mji huu ulivyojengwa, kwa kiasi kikubwa bila mkopo wa benki. Kanuni inayomchukulia mjenzi kana kwamba ana fedha zote mfukoni siku ya kwanza inamgeuza mtu mwaminifu kuwa mkosaji bila sababu. Ningependa kuona kibali cha hatua kwa hatua: msingi ukaguliwe na kuandikwa, boma likaguliwe na kuandikwa, paa hivyo hivyo, na muda uhesabiwe kwa hatua. Hadi hapo kitakapopatikana, ushauri wangu ni mmoja: muda wa kibali ukikaribia kuisha, nenda mwenyewe kuomba uongezewe, kwa barua, kabla hujafuatwa.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Kanuni ya kuacha nafasi pande zote nne inatokana na picha fulani ya nyumba: nyumba iliyosimama peke yake katikati ya bustani. Si picha yetu ya zamani. Nendeni Lamu, nendeni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Watu waliishi kwenye viwanja vidogo kwa karne nyingi, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na bado ndani kuna hewa. Wamefanyaje? Nafasi tupu waliiweka katikati. Lamu wanaiita kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi juu, na vyumba vinaufuata. Mgeni anaishia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, bila kuona ya ndani. Na familia iliyohitaji chumba zaidi iliweza kujenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, na watu wakapita chini yake. Hayo yote hayakuwezekana bila majirani kukubaliana na kuheshimiana. Hata nyumba yetu ya Kiswahili ya Ilala na Magomeni, yenye korido katikati, vyumba kila upande na uani nyuma, ilikuwa jibu la kiwanja kidogo, ingawa vyumba vyake vilikosa mwanga pale majirani walipobana.

Ninachosema ni kwamba kwenye kiwanja cha mita 10, kulazimisha mita 1.5 kulia na 1.5 kushoto kunazaa vichochoro viwili vyembamba visivyo na kazi kubwa. Majirani wawili wangeruhusiwa kukubaliana kwa maandishi, mbele ya halmashauri, washirikiane kwenye ukuta mmoja uliojengwa vizuri, usiopitisha moto kirahisi wala sauti, kila mmoja angebaki na mita 3 safi upande wa pili. Mita 3 ni njia, ni bustani, ni mahali pa turubai siku ya shughuli. Wapangaji wa miji wanajua jambo hili, na mchoro wa mipango miji wa eneo unaweza kuliweka tangu mwanzo. Walio na viwanja vilivyokwisha kupimwa ndio waliosahaulika.

Mwenye skwata naye atauliza: mimi sina hata bikoni, unanisemea nini? Nakusemea sana, maana zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji hili wanaishi kwenye maeneo yaliyojengwa kabla ya kupangwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilitambua urasimishaji, na leseni ya makazi ilianza kutolewa Dar es Salaam miaka ya 2000. Utakapoitwa kwenye mkutano wa urasimishaji wa mtaa wako, usimtume mtoto. Nenda mwenyewe. Pale ndipo inapoamuliwa njia itapita wapi na itakuwa na upana gani, na kila mmoja anaulizwa atatoa nini. Ule uchochoro wa jeneza niliowasimulia, nafasi yake ya kurudi ilikuwa kwenye mkutano wa namna hiyo, na nusu ya wenye nyumba hawakuhudhuria. Ukiwa kando ya mto au bahari, jua pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 ambazo hazijengwi, na kwamba hifadhi ya barabara kuu imekwenda mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Kiwanja cha bei ya kutupa mara nyingi kiko ndani ya moja kati ya hizo mbili.

Yamebaki madogo ya ofisini. Fanya upekuzi wa hati kabla ya kununua. Ukitaka kuweka fremu za duka mbele ya nyumba ya makazi, omba kwanza kubadilisha matumizi. Tangazo litabandikwa, na majirani wana haki ya kupinga, kwa hiyo zungumza nao kabla hawajalisoma ukutani. Malipo yote yapite kwa namba ya malipo ya serikali, kamwe yasipite mkononi mwa kishoka anayekungoja nje ya geti. Na usiwasilishe kitu bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Halmashauri moja ilipoteza faili la mteja wangu kwa miezi mitano. Afisa baada ya afisa aliniambia halijawahi kufika. Siku niliyopeleka nakala yenye muhuri na tarehe, lilipatikana kabla ya saa nane mchana. Mteja wangu alikuwa amelipa kodi ya nyumba ya kupanga miezi yote hiyo mitano, kodi ambayo ingeezeka vyumba viwili. Wanaofanya kazi kwenye ofisi hizo wajue kwamba kila wiki faili linapolala, kuna familia inailipia. Na ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni dirisha moja, au vipimo ambavyo mchoraji alisahau.

Yule mama wa Mbagala alipata kibali. Alijenga kwa miaka mitano, akaongezewa muda mara mbili. Nilikuwepo siku mkaguzi wa halmashauri alipofika, boma likiwa kwenye linta. Kijana, hana maneno mengi, ametoa futi kamba yake. Mbele akapima, akaandika. Nyuma akapima, akaandika. Upande wa mzee jirani ikasoma mita 1.54. Akaniuliza kwa nini tumezidisha. Nikamwambia lipu bado haijapigwa, na lipu ya nje inakula sentimita 2. Akatikisa kichwa, akaandika. Mzee jirani alikuwa amesimama upande wake, anatazama juu ya uzio aliousogeza, akamuuliza yule kijana:

"Na kwangu utapima lini? Nataka kuongeza chumba, na huyu mama kaniambia nianze kwa penseli ya kijani."